Kupima Kilichobaki: Mwongozo Kamili wa Kutathmini Miradi ya Vijana ya Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi

Miradi mingi ya vijana ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi huhesabiwa siku ya kwanza. Miche elfu mbili imepandwa, vijana mia mbili wamehudhuria semina, majiko banifu hamsini yamegawiwa, picha zimepigwa na ripoti imeandikwa. Hesabu hizo huwa za kweli, ila zinajibu swali jepesi, yaani kilichofanyika. Swali zito ni kilichobaki: miche mingapi ingali hai baada ya kiangazi cha pili, majiko mangapi yanapikiwa kila siku, na kazi itaendeshwa na nani pindi walioianzisha watakapoondoka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya vijana na wale wanaovisaidia, ili swali hilo la pili liweze kujibiwa kwa ushahidi.

Tathmini ya namna hii haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Inahitaji daftari linaloandikwa kila wiki, mizani, kamba ya kupimia, hesabu za asilimia, na ujasiri wa kuandika namba ndogo pale ambapo namba ni ndogo. Hata hivyo inahitaji muda na nauli, na kwa hiyo iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo; kiwango kinachopendekezwa mara nyingi katika miradi ya maendeleo ni kati ya asilimia 5 na 10 ya bajeti yote.

Hatua ya kwanza: Amueni tathmini ni ya nani

Kabla ya kuandaa dodoso lolote, kikundi kikae na kujiuliza: majibu yatakayopatikana yatatumiwa na nani, na yatamsaidia kuamua jambo gani? Mfadhili hutaka kujua kama fedha zilitumika kama ilivyokubaliwa. Wanajamii hutaka kujua kama chanzo chao cha maji, mashamba yao au mitaro yao iko katika hali bora kuliko zamani. Kikundi chenyewe kinahitaji kujua kiendelee na lipi na kiache lipi. Ni rahisi sana haja ya mfadhili ikazimeza nyingine mbili, kwa kuwa yeye ndiye mwenye tarehe ya mwisho na fomu iliyokwisha kuandaliwa. Kwa maoni yangu, utaratibu unaofaa ni kuanza na maswali ya jamii na ya kikundi, kisha kuchota humo yanayomhusu mfadhili, kwa sababu tathmini inayoanzia kwenye fomu huishia kwenye fomu.

Maswali makuu yasizidi matano. Wanaotafuta pa kuanzia wanaweza kuvitazama vigezo vinavyotumiwa sana duniani, vile vya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, ambavyo vilikuwa vitano mwaka 1991 na kuwa sita vilipopitiwa upya mwaka 2019: kama mradi unagusa mahitaji halisi, kama unapatana na juhudi nyingine zilizopo, kama malengo yamefikiwa, kama rasilimali zimetumika vizuri, kama kuna athari pana, na kama manufaa yatadumu. Si lazima kuvijibu vyote. Kwa mradi mdogo wa vijana, swali la mahitaji na swali la kudumu ndiyo yenye uzito zaidi.

Hatua ya pili: Andikeni njia ambayo mabadiliko yanatarajiwa kupita

Kila mradi umejengwa juu ya imani kwamba jambo moja litaleta jingine. Imani hiyo iandikwe wazi, hatua kwa hatua, kutoka kazi zinazofanywa, hadi mazao ya kazi hizo, hadi matokeo katika maisha ya watu, hadi athari za muda mrefu. Tuchukue mradi wa majiko banifu. Kazi ni kutengeneza majiko na kuwafundisha watu kuyatumia. Zao ni majiko hamsini yaliyofika majumbani. Tokeo ni kaya kutumia kuni chache kuliko awali. Athari ni msitu wa karibu kupumzika na moshi kupungua jikoni.

Sasa, kati ya kila hatua na inayofuata kuna dhana iliyojificha, na hapo ndipo miradi huvunjika. Jiko likifika nyumbani, tunadhani litatumika. Likitumika, tunadhani lile la zamani litaachwa, ilhali mara nyingi kaya huendelea kutumia yote mawili, jipya kwa chakula chepesi na la zamani kwa sufuria kubwa. Andikeni kila dhana pembeni ya mshale wake, kisha mchague zile mbili au tatu mnazozitilia shaka zaidi. Hizo ndizo mtakazozipima kwa bidii kubwa kuliko nyingine.

Hatua ya tatu: Rekodini hali ya awali

Hakuna namna ya kujua mlikofika bila kujua mlikotoka. Hali ya awali ipimwe kabla ya kazi kuanza, kwa vipimo vilevile vitakavyotumika baadaye, katika msimu uleule. Kuni za kiangazi na kuni za masika hazilinganishwi, kwa sababu kuni mbichi ni nzito na hutumika nyingi zaidi kwa mlo uleule.

Mradi ukiwa umeshaanza bila kipimo hicho, bado kuna njia. Picha za zamani za setilaiti, ambazo nyingi hupatikana bure mtandaoni, huonyesha uoto wa eneo ulivyokuwa. Daftari za mauzo, za kamati za maji na za shule huwa na namba ambazo hakuna aliyewahi kuzijumlisha. Kumbukumbu za watu nazo husaidia, mradi ziambatishwe na tukio linalokumbukwa na wote: badala ya kuuliza hali ilikuwaje miaka mitatu iliyopita, uliza ilikuwaje mwaka wa yale mafuriko makubwa. Andikeni bayana kwamba takwimu hizo zimekusanywa kwa kurudi nyuma, ili msomaji ajue uzito wake.

Hatua ya nne: Chagueni viashiria vichache, na mvipe maana isiyobishaniwa

Kikundi chenye viashiria ishirini hakitakusanya hata vitano ipasavyo. Viashiria sita hadi vinane vinatosha, vikichanganya vya idadi na vya hali, na kila kimoja kiwe na maelezo ya nani atakipima, lini, na kwa kifaa gani.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni maana. "Mche hai" ni nini? Mtu mmoja atahesabu kijiti kilichosimama bila jani hata moja, mwingine atakiruka, na tofauti yao itaonekana kama mabadiliko ya mradi. Kubalianeni, kwa mfano, kwamba mche hai ni ule wenye jani bichi au chipukizi, au ambao gome lake likikwaruzwa kidogo kwa ukucha huonyesha rangi ya kijani chini yake. Vivyo hivyo "kaya inayotumia jiko" iwe ni kaya iliyopikia jiko hilo angalau mara moja katika saa 24 zilizopita, na "kijana mshiriki" awe ni mtu aliyefika kazini mara kadhaa mlizozitaja, wala si kila aliyewahi kutia saini kwenye karatasi ya mahudhurio.

Neno "kijana" lenyewe lina mipaka mingi. Takwimu za Umoja wa Mataifa humhesabu kijana kuwa mwenye umri wa miaka 15 hadi 24, ilhali Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unafika miaka 35. Chagueni mpaka mmoja na mdumu nao.

Hatua ya tano: Kusanyeni takwimu uwandani

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa hiyo nitaeleza mifano miwili kwa ukaribu.

Wa kwanza ni kuhesabu miche. Kwa shamba la miche 2,000 si lazima kuhesabu yote. Pangeni njia ya kupita mistari yote, chagueni kwa kura namba kati ya 1 na 10, kisha mkague kila mche wa kumi kuanzia hapo. Mkague mashimo, maana mkikagua miche peke yake mtaruka iliyokufa na kupotea kabisa, na asilimia itapanda kwa uongo. Watu wawili watembee pamoja: mmoja ainame, akwaruze, atamke "hai", "umekufa" au "haupo", mwingine aandike, pamoja na sababu inayoonekana, iwe ni ukame, mchwa, kuliwa na mifugo au kung'olewa. Mkipata miche hai 118 kati ya mashimo 200, hiyo ni asilimia 59, na kwa kuwa ni sampuli, ukweli wa shamba zima huenda uko kati ya asilimia 52 na 66. Andikeni mipaka hiyo kwenye ripoti. Namba moja tupu hujifanya ina uhakika ambao haina.

Kuna mtego mwingine katika kazi hii. Vikundi vyenye bidii huziba mapengo kwa kupanda upya palipokufa. Ni jambo jema, lakini lisiporekodiwa huharibu hesabu. Kikundi kilichopanda miche 400, ikafa 150, kikapanda mingine 150, kitakuta mashimo yote 400 yana mche na kujisifu kwa asilimia mia moja, ilhali miche iliyoingia ardhini ni 550 na iliyopona ni 400, yaani takriban asilimia 73. Miche ya kuziba mapengo iwe na ukurasa wake kwenye daftari na alama yake shambani, hata ikiwa ni utepe wa rangi tofauti.

Mfano wa pili ni kupima kuni jikoni. Ukimuuliza mwenyeji kama anatumia jiko mlilompa, karibu kila mara atajibu ndiyo, kwa sababu ya heshima kwa mgeni na pengine kwa matumaini ya kupewa kingine. Mizani haina adabu ya namna hiyo. Fikeni asubuhi, mpime rundo la kuni litakalotumika, mwombe kaya isichome kuni zisizo za rundo hilo. Kesho yake saa ileile pimeni zilizobaki, ongezeni nyingine kama zinahitajika na kuandika uzito wake. Rudieni kwa siku tatu mfululizo angalau, mkiandika kila siku idadi ya watu waliokula, kwa kuwa siku yenye wageni kumi hailinganishwi na siku ya kawaida. Gawanyeni kilo kwa idadi ya walaji kwa siku. Kipimo hiki kifanywe kabla ya jiko jipya na baada yake, nacho kitaonyesha waziwazi kama jiko la zamani lingali linawaka.

Kwa miradi ya kuvuna maji ya mvua, hesabu ya kuhakiki ni nyepesi zaidi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 25 linapokea lita 1,000 kabla ya kuondoa zinazopotea. Ikiwa tangi limepata nusu ya hizo tu, kaangalieni mifereji na maungio kabla ya kulalamikia mvua.

Pale mnapotaka kujua asilimia ya kaya zinazofanya jambo fulani katika jamii kubwa, kaya 96 zilizochaguliwa kwa kura hutoa jibu lenye kupungua au kuzidi kwa asilimia 10 hivi, na ili kufika asilimia 5 mtahitaji takriban 384. Vikundi vingi vitatosheka na kiwango cha kwanza. Kilicho muhimu ni ile kura: mkitembelea kaya zilizo karibu na barabara, au za marafiki wa mwenyekiti, hata kaya elfu moja hazitasaidia.

Ridhaa isisahauliwe. Chini ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida ni mtoto, na miradi ya vijana huwa na washiriki wengi wa umri huo. Mzazi au mlezi aombwe ruhusa, na mtoto mwenyewe aulizwe kama anataka. Picha ya mtu iombwe kabla ya kupigwa, na jina lake lisiwekwe penye majibu yake.

Hatua ya sita: Iweni waangalifu na hesabu za hewa ukaa

Vijana hushawishika sana kutaja tani za hewa ukaa walizoondoa angani, na wafadhili huzipenda. Hesabu yenyewe si ngumu: takriban asilimia 47 ya uzito mkavu wa mti ni kaboni, na kila kilo ya kaboni hutokana na takriban kilo 3.67 za hewa ukaa. Mti wenye uzito mkavu wa kilo 100 umehifadhi kilo 172 hivi. Lakini mche wenye uzito mkavu wa kilo 1 umehifadhi kilo 1.7 tu, kwa hiyo miche 2,000 ya aina hiyo haifiki hata tani 4, na ikifa au ikichomwa, sehemu kubwa yake hurudi angani. Kuhesabu leo tani ambazo mti huenda ukahifadhi baada ya miaka thelathini ni kutoa ahadi kwa niaba ya mti ambao haujapona kiangazi.

Kwa majiko, kuni zilizookolewa hazihesabiki zote kuwa upunguzaji wa hewa ukaa, maana sehemu ya msitu ingeota tena na kuifyonza. Kwa mradi mdogo, ni heri kuripoti kilo za kuni, siku za upungufu wa chakula au lita za maji, ambazo mmezipima wenyewe na jamii inazielewa. Atakayehitaji tani anaweza kuzikokotoa kutokana na takwimu zenu safi.

Hatua ya saba: Pimeni kama uongozi ni wa vijana kweli

Mradi unaoitwa wa vijana unaweza kuwa wa watu wazima waliowavika vijana fulana. Mwaka 1992, Roger Hart, katika chapisho la UNICEF, alieleza ngazi yenye vidato vinane vya ushiriki wa watoto na vijana, akasema kwamba vidato vitatu vya chini, yaani kutumiwa, kuwa pambo na kuwekwa kwa jina tu, havistahili kuitwa ushiriki. Ngazi hiyo ni kioo kizuri. Chukueni kumbukumbu za vikao sita vya mwisho, na kwa kila uamuzi mkubwa mwandike nani alilileta wazo, nani alizungumza, nani aliamua, na nani angeweza kulizuia. Mtiririko utajionyesha wenyewe. Angalieni pia ni vijana gani: wasichana, wenye ulemavu na wasiosoma shule wapo mezani, au wapo kwenye kumwagilia tu?

Kinachonigusa zaidi katika sehemu hii ni kurithishana. Vijana huhama kwa masomo, kazi au ndoa, na hilo ni jambo la kawaida ambalo mradi unapaswa kulitarajia. Orodhesheni kila jukumu: kuotesha miche, kutunza hesabu, kutia saini benki, kushika nywila za akaunti, kuzungumza na viongozi wa eneo. Kando ya kila jukumu andikeni majina ya wanaoweza kulifanya leo bila kusaidiwa. Jukumu lenye jina moja ni hatari, na idadi ya majukumu ya namna hiyo ni kiashiria ambacho ningekiweka kwenye kila ripoti ya robo mwaka.

Hatua ya nane: Tafuteni chanzo cha mabadiliko mliyoyaona

Mavuno yakiongezeka, huenda ni matandazo mliyofundisha, huenda ni mvua njema. Jiulizeni ni nini kingetokea bila ninyi, kisha mtafute ushahidi: linganisheni na eneo jirani lenye udongo na mvua sawa ambalo halikuhusika, na wasikilizeni wasiofungamana na mradi. Lengo halali ni kuonyesha mchango wenu katika mabadiliko, pamoja na michango ya wengine. Na msidai kubadilisha tabianchi ya mahali kwa miaka miwili. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia wastani wa miaka 30 kueleza tabianchi. Katika muda wenu mnaweza kupima kivuli, unyevu wa udongo, mafuriko yaliyoingia au kutoingia majumbani, na utayari wa watu.

Namba zisindikizwe na simulizi. Ombeni watu wa aina mbalimbali waeleze badiliko lililo kubwa zaidi kwao na kwa nini wanalichagua, kisha kikundi kijadili ni lipi lenye uzito na kihakikishe kwamba lilitokea. Ulizeni pia aliyepoteza. Eneo lililozungushiwa uzio ili miche ipone huenda ndilo lililokuwa malisho ya mtu, na saa za kumwagilia huenda zimekuwa mzigo wa wanawake walewale waliolemewa tayari. Hasara hizo ziandikwe kwa herufi za ukubwa uleule wa mafanikio.

Hatua ya tisa: Rudisheni matokeo kwa waliowapa majibu, kisha muamue

Kabla ripoti haijaenda kwa mfadhili, iitishwe mikutano ya jamii, matokeo yaonyeshwe kwa michoro mikubwa na lugha inayotumika nyumbani, na watu waulizwe: haya mnayatambua? Mara nyingi hapo ndipo sababu halisi hujulikana. Kikundi kinaweza kuwa kimeandika "ukame" kwenye miche mingi, kumbe mtunza ufunguo wa bomba alikuwa hapatikani mwishoni mwa juma.

Baada ya mikutano hiyo kikundi kikae na kufikia maamuzi matatu hadi matano, kila moja likiwa na mhusika na tarehe: tunaendelea na hili, tunabadilisha lile, tunaacha hili lingine. Kuacha ni uamuzi halali. Mfadhili mwenye nia njema atakithamini kikundi kinachosema kwamba asilimia 41 ya miche ilikufa kwa sababu hizi, na kwamba msimu ujao kitapanda nusu ya idadi na kumwagilia mara mbili zaidi.

Hatua ya kumi: Rudini baada ya mradi kwisha

Daftari la wiki, kikao cha tafakari kila miezi mitatu na tathmini kamili kila mwaka vinatosha wakati mradi unaendelea. Lakini tengeni mapema fedha kidogo, na muwape kazi watu wawili wanaojulikana kwa majina, ili mwaka mmoja au miwili baada ya fedha za mradi kuisha warudi na daftari lilelile, kamba ileile na maana zilezile za "hai" na "inatumika". Wapite kwenye mashimo yaleyale, wapime kuni katika kaya zilezile kwa siku tatu, waulize ni nani sasa anashika ufunguo wa bomba, na waandike watakachokikuta.